Carl Czerny, Mwalimu wa Piano wa Vienna
Carl Czerny alizaliwa Vienna mwaka 1791. Alifundishwa piano na baba yake, kisha na Beethoven. Mwaka 1812 ndiye aliyepiga Konseto ya Tano ya Beethoven ilipochezwa mjini humo kwa mara ya kwanza, lakini maisha ya jukwaani hayakumvutia. Alichagua kufundisha: mchana kutwa wanafunzi, usiku kuandika muziki.

Mwaka 1819 aliletewa mtoto dhaifu, Franz Liszt, aliyeyumba kitini kama mlevi na kurusha vidole ovyo. Kipaji kilionekana papo hapo. Kilichokosekana ni nidhamu. Czerny alimrudisha kwenye msingi, akimkazania ngazi za sauti na mapigo sawia, na hatimaye akakataa malipo. Hisani hiyo, kwa mwalimu ambaye muda wake ulikuwa ghali mno, inastahili kukumbukwa kuliko wingi wa maandishi yake. Liszt naye hakusahau: mazoezi yake makubwa ya piano yaliyochapishwa mwaka 1852 aliyatoa kwa heshima ya mwalimu wake.

Czerny hakuoa. Alifariki mwaka 1857, akiacha kazi zaidi ya 800. Mazoezi ya Opus 299 yangali yanafundishwa.