Njahi, Vagbhata na Ripoti ya 1931

Siku hizi Nyeri, Karatina na Nanyuki kuna dai linalorudiwa kwenye mihadhara ya afya na kwenye maduka yanayouza unga wa manjano na mwarobaini: kwamba elimu ya kulinganisha chakula na hali ya mwili na akili tumeipokea kutoka India, kupitia Ayurveda na yoga. Watu wa Mlima Kenya, kwa mujibu wa dai hili, walikuwa wakila ili washibe, basi. Hulirudia hata watu wa Tetu na Mathira ambao mama zao walipojifungua walipikiwa njahi na ndizi. Nalipinga dai hili, na ushahidi wangu wa kwanza unatoka India yenyewe.

Karibu karne ya 7, tabibu Vagbhata alitunga Ashtanga Hridaya, kitabu ambacho pamoja na vya Charaka na Sushruta ndicho nguzo ya Ayurveda hadi leo. Katika sura ya vyakula anapitia nafaka na jamii ya kunde moja baada ya nyingine, akieleza kila moja inamfanya nini mlaji. Anapofika kwenye nishpava anasema ni nzito, huunguza, hujaza upepo mwilini, huchafua damu, huongeza mkojo na huongeza maziwa ya mama. Anaongeza kwamba hupunguza mbegu za kiume. Nishpava hiyo wataalamu wa mimea wanaitambua kuwa Lablab purpureus, ambayo ndiyo njahi yetu. Basi zaidi ya miaka 1,200 iliyopita mwandishi wa Kisanskriti aliandika jambo ambalo mkunga yeyote wa Othaya angekuambia bila kufungua kitabu: mama aliyejifungua apewe njahi, maziwa yajae.

Je, Wahindi ndio waliotufundisha? Tarehe zinakataa. Kituo cha Waingereza cha Nyeri kilianzishwa 1902, na wafanyabiashara wa Kihindi wakafuata nyuma yake na mafuta, vitambaa, sukari na bizari. Wakati huo Wagikuyu walikuwa tayari wanaugawa mwaka wao kwa vyakula: mvua ndefu ni mvua ya njahi, mvua fupi ni mvua ya mwere. Kilimambogo wenyewe waliuita Mlima wa Njahi, na Jomo Kenyatta katika Facing Mount Kenya ya 1938 anautaja miongoni mwa makao ya Ngai, yaani Mungu. Zao linaloipa jina mvua ya Mungu na mlima wa Mungu halikuletwa juzi na muuza duka. Zaidi ya hayo, wataalamu wengi wa mimea wanaamini kwamba asili ya njahi ni Afrika, ambako ndugu zake wa mwituni bado wanaota, na kwamba ilivuka bahari ikafika India kale sana. Mbegu zake zimefukuliwa katika makazi ya kale ya huko yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000. Kama kuna deni, huenda India ndiyo inayodaiwa.

Misingi ya Ayurveda inajulikana vya kutosha, nami nitaipitia haraka. Mwili unatawaliwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha. Ladha ni sita: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu na ya ukakasi, na kila moja huongeza au hupunguza nguvu mojawapo. Moto wa tumbo, agni, ndio unaoamua kama chakula kitakuwa lishe au sumu. Kwa upande wa akili, sura ya 17 ya Bhagavad Gita inavigawa vyakula katika makundi matatu: vinavyotuliza na kung'arisha akili, vinavyoichochea, na vinavyoizamisha katika uzito na giza. Hapa wahubiri wengi wa leo huchanganya mambo. Mgawanyo huo wa Gita ni wa mtu anayetafuta utakatifu, ilhali vitabu vya matabibu vina shughuli nyingine. Charaka anamwandikia mgonjwa aliyekonda mchuzi wa nyama bila kusita. Anayewaambia watu wa Nyeri kwamba Ayurveda imeharamisha supu ya mbuzi hajamsoma Charaka.

Mlimani nako kulikuwa na utaratibu wake. William Scoresby Routledge na mkewe Katherine waliishi kwenye maeneo ya Nyeri kati ya 1906 na 1908, na kitabu chao cha 1910, With a Prehistoric People, licha ya jina lake la dharau, kinahifadhi mengi kuhusu mashamba, vyungu na maisha ya wanawake ambayo watafiti wa baadaye hawakuyaona. Ukikisoma pamoja na Kenyatta unakutana na jamii ambayo chakula kilikwenda na umri, jinsia na hali ya mtu. Mbuzi akichinjwa, kila kiungo kilikuwa na mwenyewe: wazee, vijana, wanawake. Wanyama wa porini hawakuliwa. Mtu aliyepatwa na thahu, ule unajisi uliovuruga mwili na moyo kwa pamoja, alipelekwa kwa mundu mugo, yaani mganga, akatapishwa thahu hiyo, na tatha, yaani yaliyomo tumboni mwa mbuzi, ikatumika kumsafisha. C. W. Hobley aliyaeleza mambo ya thahu kwa kirefu mwaka 1922. Ayurveda nayo ina vamana, tiba ya kumtapisha mgonjwa ili asafike. Jamii zote mbili ziliona kwamba kinachoingia na kutoka tumboni kinaugusa pia moyo wa mtu.

Maarifa haya yanaonekana vizuri zaidi jikoni. Njahi ni nyeusi, na kila punje ina mstari mweupe ubavuni. Mpishi wa Mathira huziloweka usiku kucha, huzichemsha, kisha huyamwaga maji ya kwanza yaliyogeuka meusi, kwa sababu yana uchungu na hujaza tumbo gesi. Huweka maji mengine na kuziacha motoni hadi ganda lilegee, ndipo aziponde na ndizi. Njahi nyeusi zikiwa mbichi zina viambata vyenye sianidi, na kuchemsha na kumwaga maji hupunguza madhara yake. Lawama ambayo Vagbhata aliitoa dhidi ya nishpava, ya upepo na kuunguza, wanawake hawa wameipatia dawa ndani ya sufuria. Kinachobaki ni chakula ambacho karibu robo ya uzito wake mkavu ni protini. Wauguzi hutuambia kwamba maziwa huletwa hasa na mtoto anayenyonya mara kwa mara na mama aliyeshiba vizuri. Njahi inamshibisha mama huyo, na desturi iliyohakikisha anapikiwa yeye kwanza ilikuwa sehemu ya tiba hiyo.

Pamoja na hayo yote, maarifa haya yalidharauliwa katika hati iliyosifiwa sana. Mwaka 1931 Baraza la Utafiti wa Tiba la London lilichapisha ripoti ya John Boyd Orr, mkuu wa Taasisi ya Rowett ya Aberdeen, na John Gilks, mkuu wa idara ya tiba ya koloni la Kenya. Waliwalinganisha Wamaasai, walaji wa nyama, maziwa na damu, na Wagikuyu, walaji wa nafaka, viazi, ndizi na jamii ya kunde. Waliripoti kwamba mwanamume wa Kimaasai alimzidi wa Kigikuyu kwa wastani wa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito, na kwamba nguvu za mkono wake zilizidi kwa asilimia 50. Hukumu ikawa kwamba chakula cha Mgikuyu kinamdhoofisha. Hadi leo ripoti hii hutajwa na watetezi wa nyama duniani kote, wengi wao bila kuisoma.

Ukiisoma, utakuta jambo linaloivunja kutoka ndani. Tofauti kubwa ilikuwa kati ya wanaume. Kati ya wanawake ilikuwa ndogo zaidi. Waandishi wenyewe waliona kwamba wanawake wa Kigikuyu walikula mboga za majani ambazo wanaume hawakuzihesabu kuwa chakula chao. Terere, managu na thabai zilikuwa kwenye chungu cha mama, na chokaa na madini ya majani hayo yakajenga mifupa. Kama chakula cha kabila kilikuwa kibovu, wanawake nao wangedhoofika. Mwanahistoria Cynthia Brantley aliuchambua utafiti huo upya mwaka 1997 na kuonyesha jinsi ulivyopuuza tofauti za jinsia na mazingira ya ukoloni.

Mazingira hayo Nyeri inayakumbuka. Ardhi nzuri kuelekea Kiganjo, Naro Moru na Nanyuki ilikuwa imechukuliwa na walowezi. Kodi iliwasukuma wanaume kwenye mashamba ya walowezi hao, na huko mshahara uliambatana na posho: unga wa mahindi, kwa kawaida ratili 2 kwa siku, bila njahi, bila terere, bila ndizi. Kumpima mtu aliyelelewa katika hali hiyo na kuilaumu mila ya nyanya yake ni kosa la elimu na la haki.

Fikra hiyo ya kuyapima makabila kwa chakula chao haikuwa ya Kenya peke yake. Miaka hiyo hiyo, huko Coonoor kusini mwa India, Robert McCarrison alikuwa akiwalisha panya vyakula vya makabila ya India na kuwapima: chakula cha Masingasinga cha chapati na maziwa kikashika nafasi ya juu, wali wa Madras nafasi ya chini. Watawala waliokuwa tayari wamegawa watu kuwa makabila ya vita na makabila ya kazi walipenda kuona mizani ikiwaunga mkono. Ayurveda ilisukumwa pembeni kama ushirikina, na maarifa ya mlimani nayo yakatupwa kapu moja nayo.

Orr mwenyewe ananipa hoja nzito kuliko zote. Mwaka 1936 alitoa Food, Health and Income, akathibitisha kwamba Waingereza maskini walikuwa dhaifu kwa sababu mapato yao hayakutosha kununua chakula bora. Kitabu hicho kilibadilisha siasa za chakula Uingereza. Baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Namheshimu kwa hayo. Lakini Aberdeen aliona umaskini, na huku kwetu akaona mila. Kipimo alichokitumia kwa wafanyakazi wa Uingereza kingetosha pia kwa kibarua wa Nyeri, mwenye ardhi iliyochukuliwa na mshahara wa posho.

Katika miaka hiyo ya ukoloni serikali ya Kenya ilikuwa ikihimiza maharage ya kuuzwa nje kama Canadian Wonder, na Claire Robertson, katika utafiti wake wa 1997, ameeleza jinsi hatua hizo zilivyoisukuma njahi, zao la wanawake, nje ya mashamba. Vita vya pili vilileta kiwanda cha kukausha mboga Karatina kwa ajili ya wanajeshi. Hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ikaleta vijiji vya lazima na njaa. Uhuru ukaja na mbegu chotara za mahindi.

Leo njahi ziko sokoni Karatina, zinapimwa kwa gorogoro, na bei yake huzidi ya maharage mengi ya kawaida. Anayetaka kuwafundisha watu wa mlima huu kuhusu chakula na akili, awe na kitabu cha Ayurveda au cha maabara mkononi, anapaswa kuanza na waliopika njahi hizo. Vagbhata ni shahidi wao, na vyuo vyetu vimnukuu hivyo. Ripoti ya 1931 ifundishwe kama hati ya utawala uliochukua ardhi kisha ukakilaumu chungu, na wanawake wazee wa Tetu, Mukurwe-ini na Mathira warekodiwe sasa, wakiwa bado wanaweza kutuambia nani alipikiwa nini na kwa nini.