Kabla Uicheke CBC, Sikia Hadithi ya Jembe la Shule

Kila CBC ikitajwa mtandaoni, lazima meme ya kile kidude cha kutisha ndege irudi. Mnaijua. Mtoto wa gredi ya nne ameambiwa atengeneze mtu wa nyasi wa kulinda mimea, na saa nne usiku ni babake anahangaika na misumari na suruali kuukuu, mtoto mwenyewe alishalala. Nimecheka hizo meme zote. Ila ukiacha chuo unapata muda wa kusoma vitu visivyo na mtihani, na mimi nikaangukia historia ya elimu ya Kenya. Wasee, hii si mara ya kwanza serikali inajaribu kutufunza kwa mikono. Na wazazi kushuku si jambo la jana.

Turudi 1924. Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani inazunguka Afrika Mashariki, inaongozwa na jamaa anaitwa Thomas Jesse Jones. Kazi yao ni kuangalia Mwafrika afundishwe nini. Jibu walikuja nalo kwa mzigo: kule kusini mwa Marekani kulikuwa na shule za watu weusi kama Tuskegee, zenye kilimo, useremala na usafi, na wakaona huo ndio mfano wa kufuata. Mwaka uliofuata, 1925, ikafunguliwa Jeanes School pale Kabete. Walimu walikuja na wake zao, wakafunzwa bustani, afya ya nyumbani na kazi za mikono, halafu wakarudi vijijini kuinua shule ndogo ndogo. Ile sehemu bado ipo. Siku hizi ni Kenya School of Government, mahali maafisa wa serikali wanaenda kusoma uongozi. Kutoka jembe hadi tai.

Sasa, kwenye karatasi hiyo elimu ilikaa poa. Mtoto apande mboga, ajue kuchemsha maji, ajenge choo. Nani atakataa? Shida ilikuwa jirani. Shule zilitengwa kwa rangi: za Wazungu kivyao, za Wahindi kivyao, za Waafrika kivyao, na pesa hazikugawanywa sawa hata kidogo. Mtoto wa setla alikuwa anaandaliwa kuwa bosi. Mtoto wetu akapewa jembe akaambiwa hiyo ndiyo inamfaa. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Waliona nani anapata kazi ya ofisi, na wakaona anaipata kwa sababu anajua kusoma, kuandika na Kiingereza.

Ndiyo maana baada ya ule mgogoro wa 1929 kati ya wamishenari na Wakikuyu kuhusu tohara ya wasichana, watu walitoka misheni wakajenga shule zao wenyewe, kwa michango yao, kwa udongo na mabati. Moja ya vitu walivyotaka ni Kiingereza mapema. 1939 wakafungua hadi chuo cha walimu Githunguri. Serikali ya kikoloni ilizifunga hizo shule 1952 wakati wa hali ya hatari. Fikiria hiyo kidogo. Watu wamechanga miaka zaidi ya ishirini ili mtoto wao apate kitabu, halafu mlango unapigwa kufuli.

Kwa hivyo shosho wako akisema "nilikupeleka shule usome, si ulime, kulima ungelima hapa nyumbani," usidhani ni ushamba. Hiyo ni historia inaongea.

Uhuru ukaja, Tume ya Ominde ya 1964 ikasema shule ziunganishwe, watoto wa Kenya wasome pamoja. Lakini kitu kimoja hatukugusa, nacho ni mtihani. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, watoto wengi, kwa hivyo mtihani wa mwisho wa msingi ukabaki chujio. Jina lilibadilika mara kadhaa, kazi yake haikubadilika.

Jaribio la pili ni 8-4-4, na hapa ndipo vijana wenzangu hushangaa. Tumezoea kuitukana kama mfumo wa kukariri, lakini ilizaliwa kama CBC ya wakati wake! Ripoti ya Mackay ilitoka 1981, mfumo ukaanza 1985, na hoja kubwa ilikuwa mtoto atoke shule ya msingi akiwa na ujuzi wa kujitegemea. Kilimo, sayansi kimu, sanaa na ufundi, muziki, biashara, vyote vikaingia. Wazazi wakaambiwa wajenge karakana kwa harambee. Hiyo ndiyo enzi pia ya maziwa ya Nyayo, yaliyoanza 1979, yale ya pakiti za pembe tatu. Mtu yeyote aliyesoma miaka ya themanini ukimtajia hayo maziwa, uso unabadilika. Hata mathe, ambaye hasifu kitu rahisi, huyasifu.

Kilichoua 8-4-4 ni kwamba walichukua masomo ya mikono wakayatahini kwa kalamu. Muziki ulikuwa ndani ya KCPE, sawa, pamoja na sanaa na ufundi. Lakini ulijibu kwa kuchagua A, B, C au D. Ungeweza kupita muziki bila kuimba noti moja, na ukapita ufundi bila kushika msumeno. Wakati huo KCPE ilikuwa ya alama 700. Baadaye, baada ya Tume ya Koech ya 1999 na malalamiko ya miaka mingi kwamba masomo ni mengi mno, mtihani ukapunguzwa hadi alama 500, na hayo masomo ya mikono yakatupwa nje ya mtihani. Na Kenya kitu kikitoka kwa mtihani, kimekufa. Hakuna haja ya kukizika.

Mimi ni wa KCPE ya 2016. Kwetu somo la michezo lilikuwa kwenye ratiba ya ukutani, limepakwa rangi vizuri, na kila wiki lilikuwa hesabu. Sanaa pia hesabu. Tamasha la muziki lilikuwepo. Hilo lina historia ndefu kuliko nchi yenyewe, lilianza 1927. Lakini darasa la saba na la nane hawakuruhusiwa kwenye kwaya kwa sababu "mko na mtihani." Kulikuwa na kijana darasani alipiga isukuti hadi walimu wanaacha chai wanakuja kuangalia. Akiwa darasa la sita walifika mbali kwenye mashindano. Mwaka uliofuata ngoma ikafungiwa stoo na yeye akawekwa dawati la mbele, kwa sababu alikuwa anavuta wastani wa shule chini. Hilo limenikaa. Tulikuwa na mtu mmoja mwenye kipaji cha wazi kabisa, na shule ilimwona kama tatizo la takwimu.

Sherehe tulizobaki nazo zilikuwa za mtihani. Siku ya kufunga shule ilikuwa ya kusomwa nambari mbele ya wazazi, wa kwanza mpaka wa mwisho, na wa mwisho alisimama pia. Siku ya maombi tuliinua kalamu na rula zibarikiwe. Mwaka wetu Waziri Matiang'i alipiga marufuku maombi ya muhula wa tatu ili kuzuia wizi wa mitihani, lakini desturi yenyewe iliendelea, ikasongezwa mbele tu. Tulikuwa na ibada kamili ya mtihani, na hatukuwa na hata dakika arobaini za kukimbia.

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Sikulia.

Kwa hivyo nikiulizwa kama niko upande wa CBC, nasema niko upande wa shughuli zenyewe. Wasiwasi wangu ni ule wa 1924, ila sasa umevaa nguo mpya. Zamani ilikuwa rangi, leo ni karo. Kuna shule mtoto anaogelea, anapiga piano, ana maabara ya kompyuta, na hiyo inaitwa umilisi. Kuna shule ya umma kilomita mbili kutoka hapo, watoto themanini kwa darasa, na umilisi ni mzazi kutumwa saiba kuchapisha picha za rangi kwa pesa ya unga. Mfumo ni ule ule, jina ni lile lile. Mmoja anapewa jembe, mwingine anapewa shamba. Wazazi wakilalamika kuhusu gharama, watu wa mitandao huwaita wavivu. Hawajasoma hii historia.

Binamu yangu yuko gredi ya tano, wanaishi ghorofa ya nne Pipeline, na shamba hakuna. Mradi ulikuwa kupanda mboga. Mamake alikata mtungi wa mafuta ya kupikia, wakatoa udongo kule kwenye mjengo wa jirani, na sukuma ikamea hapo kwenye baraza. Dogo huamka kuimwagilia kabla hajanawa uso. Mwalimu alitaka picha tu, na picha ilishapelekwa mwezi uliopita.