Kisu Kidogo cha Wimbi

Msomaji, ukifungua kitabu cha historia ya nchi yetu, utasoma habari za wafalme na vita, za reli na mikataba, na za usiku ule wa mwaka 1963 bendera mpya ilipopandishwa Nairobi. Habari hizo zafaa kujulikana. Lakini yafaa pia kukumbuka kwamba watu wale wote, wakubwa kwa wadogo, walikula kila siku, na kwamba chakula chao kilikatwa shambani kwa mkono wa mtu. Leo nataka tuitazame historia kwa njia ya chombo kidogo, ambacho hakikutajwa katika mkataba wo wote: kisu kifupi cha kuvunia wimbi, kinachoweza kufichika katika kiganja cha mkono.

Swali letu ni hili. Wimbi uliwalisha watu wa bara kwa karne nyingi. Kwa nini basi ulirudi nyuma katika muda wa vizazi viwili, na mahindi yakakalia mahali pake? Wengi hujibu upesi kwamba watu waliona nafaka iliyo bora, wakaitupa iliyo duni. Jibu hilo halitoshi, nami nitajaribu kukuonyesha sababu yake.

Wimbi, ambao wenzetu wa Tanzania huuita ulezi, ni nafaka ya asili ya Afrika. Wataalamu wa mimea husema kwamba watu wa nyanda za juu za Ethiopia na Uganda ndio walioutoa porini na kuufanya mmea wa shambani, maelfu ya miaka iliyopita. Kutoka huku ulivuka bahari mpaka India, ambako huitwa ragi, na siku hizi India ndiyo nchi inayovuna wimbi mwingi kuliko zote. Hapa kwetu Wajaluo huuita kal, Abagusii huuita obori, Wakikuyu ugimbi, na Wakamba uimbi. Linganisha ugimbi, uimbi na wimbi, nawe utaona kwamba ni neno moja lililosafiri pamoja na wakulima.

Sasa tuingie shambani wakati wa mavuno. Suke la wimbi lina matawi manne, matano au zaidi, yaliyokunjamana kama vidole vya mkono. Punje zake ni ndogo mno. Punje elfu moja zina uzito wa kama gramu 3 tu, yaani kilo moja yapata punje laki tatu na zaidi. Na punje moja ya mahindi huwa nzito kuliko punje mia za wimbi. Tena shina moja hutoa machipukizi kadhaa, na kila chipukizi hutoa suke kwa wakati wake. Kwa hiyo katika shamba moja, siku moja, utaona masuke yaliyokwisha kugeuka rangi ya kahawia, na kando yake mengine yangali mabichi.

Hapo ndipo utakapofahamu maana ya kisu kidogo. Mtu akichukua mundu na kufyeka shamba zima kwa mara moja, atachanganya yaliyoiva na mabichi. Akingoja mpaka yote yaive, yaliyotangulia yatakuwa yamepukutika au yameliwa na ndege. Basi mvunaji huinama, hushika suke kwa mkono mmoja, hulikata chini ya shingo yake kwa mkono wa pili, na kuendelea hivyo mpaka kiganja kijae, ndipo ayatie kikapuni. Yaliyo mabichi huyaacha, akayarudia siku nyingine. Mabua hubaki yamesimama, na baada ya mavuno ng'ombe huingia na kuyala.

Wala kukata si mwisho wa kazi. Masuke hulundikwa na kufunikwa kwa siku chache ili yapate joto, kwa kuwa punje zake zimeshikamana sana na kumvi. Kisha huanikwa juani mpaka yakauke kabisa, yakapurwa kwa fimbo juu ya uwanja uliosiliba kwa samadi ya ng'ombe, yakapepetwa kwa ungo upepo uchukue makapi. Nafaka iliyokuwa safi ilitiwa katika ghala iliyoinuliwa juu ya nguzo, mbali na unyevu na panya. Lakini kabla ya hayo yote, mama mwenye shamba alikuwa amekwisha kutenga masuke makubwa na mazuri kuliko mengine, akayatundika juu ya meko yapate moshi. Hayo yalikuwa mbegu ya mwaka ujao.

Litafakari jambo hilo, msomaji. Mwenye kukata suke moja moja hulitazama kila suke. Huliona lenye punje nyingi, na lile lililostahimili jua wakati mengine yaliponyauka. Kila mavuno yalikuwa ni uchaguzi, na uchaguzi huo ulirudiwa mwaka kwa mwaka na mama hata binti, mpaka kila upande wa nchi ukawa na wimbi wake unaoufaa udongo na mvua ya hapo. Mabibi zetu hawakuwa na maabara, lakini kazi waliyoifanya kwa kisu kile yafanana na ile inayofanywa leo na wataalamu wa mbegu. Hawakushika kisu kidogo kwa kukosa akili ya kutengeneza kikubwa. Wahunzi wa kandokando ya Ziwa Victoria walijua kufua chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Walakini kazi hiyo ilihitaji mikono mingi. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala mtu mmoja havuni shamba la wimbi kabla mvua haijarudi. Ndiyo sababu kila kabila lilikuwa na desturi yake ya kusaidiana: Wakikuyu walikuwa na ngwatio, Wakamba mwethya, na Wajaluo saga. Majirani walikusanyika leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba aliwapa chakula na pombe iliyopikwa kwa wimbi huo huo. Watoto nao walikuwa na zamu yao. Tangu masuke yalipoanza kujaa, walipanda juu ya dungu na makombeo yao, wakaamia ndege kutoka alfajiri hata jua kutua.

Sasa twaweza kurudi kwenye swali letu. Mahindi hayakuletwa jana. Yalitoka Marekani, na yalifika pwani yetu katika zama za Wareno, waliotia nanga Mombasa mara ya kwanza mwaka 1498. Kwa muda mrefu yalikuwa ni zao dogo tu huku bara, la kuchomwa na kutafunwa wakati wa kungojea mavuno yenyewe. Ikiwa ubora wa nafaka peke yake ndio ungaliamua, mahindi yangaliushinda wimbi mapema zaidi. Kitu kilichobadilika ni mikono ya watu.

Mwaka 1901 serikali ya Waingereza ilianza kutoza kodi ya nyumba, na mwaka ule ule reli ikafika Kisumu. Mwanamume aliyetakiwa fedha ilimbidi aende kuitafuta katika mashamba ya walowezi, katika reli au mjini. Kisha vikaja Vita Kuu vya 1914 hadi 1918. Wanaume wengi mno walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi lililopigana na Wajerumani, na jina la Kariakor katika Nairobi ni ukumbusho wao. Posho yao ilikuwa unga wa mahindi. Makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wao wakifa kwa maradhi kuliko kwa risasi. Wale waliorudi walikuta ukame, na ile homa kubwa ya 1918 ikiwamaliza waliosalia nyumbani. Katika njaa kama hiyo watu hula hata mbegu, na mbegu iliyoliwa ni kazi ya vizazi vingi iliyopotea kwa mlo mmoja.

Baada ya hapo zikaja shule. Mtoto aliye darasani hawezi kuwa juu ya dungu. Nakuomba usilipite neno hili upesi, kwa sababu lakuhusu wewe. Dawati ulilokalia lilinunuliwa kwa karo, lakini pia lilinunuliwa kwa wimbi, kwa maana mzazi aliyemtuma mwanawe shuleni alipoteza mlinzi wa shamba lake. Mahindi yalimfaa mzazi huyo. Hindi limevikwa maganda, ndege halioni kwa urahisi. Huvunwa kwa kukwanyuliwa, na mtu mmoja aweza kujaza gunia kabla ya adhuhuri. Mama aliyebaki peke yake na watoto wachanga, mumewe yuko kazini mbali na wakubwa wako shuleni, hakuwa mjinga wala mvivu alipopanda mahindi. Alikuwa amehesabu mikono aliyonayo.

Tena tusiyasingizie mahindi. Yamelisha miji yetu, na mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru, watafiti wa Kitale walipotoa mbegu ya mahindi chotara iitwayo H611, mavuno ya wakulima wadogo yaliongezeka sana. Wala tusizipambe siku za zamani. Kuinama siku nzima kwa ajili ya kikapu kimoja ni taabu, na taabu hiyo iliwaangukia wanawake na wasichana kuliko wengine. Msichana wa leo anayesoma kemia hatatamani kurudishwa kwenye dungu, wala mimi simtakii hivyo.

Lakini kila badiliko lina gharama yake. Mbegu chotara haifai kuwekwa kutoka katika mavuno ya mtu mwenyewe. Hununuliwa dukani kila msimu, na asiye na fedha hana shamba. Tena wimbi uliokaushwa vizuri hukaa ghalani miaka mingi, kwa kuwa punje yake ni ndogo hata fukusi hapati nafasi ya kuishi ndani yake, ilhali mahindi huhitaji uangalifu mkubwa. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyoota kuvu wenye sumu baada ya kuwekwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2011 ugonjwa mpya wa mahindi ulionekana Bomet, ukayakausha mashamba mazima. Mwenye nafaka moja tu, ikipatwa na ugonjwa, hana pa kukimbilia. Akiba haiozi, wasema wahenga. Lakini akiba iliyowekwa mbichi huoza, na mabibi zetu waliokausha masuke kabla ya kuyapura walilijua jambo hilo vizuri.

Wimbi haujatoweka. Wangali wanaulima Busia, Kisii, na katika mabonde ya Elgeyo Marakwet, na uji wake ndio mama wengi humpa mtoto anayeanza kula. Wanawe wanafanya vema, kwa sababu gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, ambayo hujenga mifupa. Mahindi hayana hata sehemu ya kumi ya hiyo. Umoja wa Mataifa uliuweka mwaka 2023 kuwa mwaka wa nafaka za jamii hii ulimwenguni kote, na wataalamu sasa wanazunguka vijijini wakitafuta mbegu za zamani. Wanachokitafuta ni masuke yaliyotengwa na mabibi wale, kila mmoja kwa kisu chake.

Basi, msomaji, nakupa kazi ya likizo. Mtafute bibi mzee wa kwenu ambaye aliwahi kuvuna wimbi. Mwamkie kwa heshima, ukae naye, umwulize mambo manne: mbegu aliyoipanda iliitwaje, alilitambuaje suke la kutengwa, aliikaushaje nafaka yake, na ni mwaka gani alipoacha, na kwa nini. Yaandike majibu yake kama ayasemavyo, katika lugha yake. Kama angali na kisu chake, kipime, ukichore katika daftari yako. Usikawie, kwa maana majibu hayo hayapatikani katika maktaba yo yote, na kila mwaka wanaoyajua wanapungua.