Tamthilia zilizozaliwa chamani, si darasani

Majuzi nilialikwa katika shule moja ya upili kuzungumza na wanachama wa Chama cha Kiswahili. Nilikuwa nimejiandaa kuwasimulia historia ya tamthilia ya Kiswahili nchini. Kabla sijafika mbali, kijana mmoja wa Kidato cha Tatu aliinua mkono. “Samahani Mwalimu,” akasema kwa adabu, “hii itakuja kwa KCSE?” Wenzake waliangua kicheko. Mlezi wa chama alimkazia macho. Nilimjibu kwamba haitakuja, na hapo hapo nikaona kalamu kadhaa zikifunikwa.

Sikumkasirikia kijana yule. Aliuliza walichokuwa wakikiwaza wengi. Lakini swali lake lilinifuata hadi nyumbani, kwa sababu niliyokusudia kuwasimulia yalianzishwa na vijana wa rika lao, katika shule kama yao, na hakuna aliyewapa alama hata moja.

Tuirejelee miaka ya 1950. Shule ya Upili ya Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, ilikuwa chini ya mwalimu mkuu Edward Carey Francis, aliyeiongoza kuanzia 1940 hadi 1962. Nchi ilikuwa katika hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Lugha ya masomo pale shuleni ilikuwa Kiingereza, na mchezo wa Shakespeare ulioigizwa kila mwaka ulikuwa tukio kubwa katika kalenda ya shule.

Kando ya jukwaa hilo la Shakespeare, wanafunzi walianza kutunga michezo yao wenyewe, tena kwa Kiswahili. Henry Kuria alitunga Nakupenda, Lakini. Kimani Nyoike akaja na Maisha ni Nini. Gerishon Ngugi, ambaye si Ngũgĩ wa Thiong’o tunayemjua sote, akatunga Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi. B.M. Kurutu naye akaleta Atakiwa na Polisi. Mchezo wa Kuria ulichapishwa mwaka 1957 na ule wa Gerishon Ngugi mwaka 1961. Hizi ni miongoni mwa tamthilia za mwanzo kabisa za Kiswahili kuchapishwa nchini Kenya. Anayeandika historia ya utanzu huu hawezi kuziruka.

Shahidi wetu ni huyo huyo Ngũgĩ wa Thiong’o, aliyetuacha Mei 2025. Alikuwa mwanafunzi wa Alliance kuanzia 1955 hadi 1958. Katika kitabu chake Decolonising the Mind, kilichotoka mwaka 1986, anaikumbuka michezo hiyo. Wanafunzi ndio walioiandika na ndio walioielekeza. Isitoshe, haikuishia shuleni. Ilisafirishwa hadi ukumbi wa Menengai mjini Nakuru, katikati ya nchi ya walowezi.

Hebu fikiri, msomaji. Hapakuwa na vitabu teule vya tamthilia ya Kiswahili vya kuwaongoza vijana hao. Tamasha la drama la shule, lililoanza mwaka 1959, lilikuwa bado halijazaliwa. Kwa nini basi wakateua Kiswahili?

Maoni yangu ni kwamba waliteua lugha kwa kumtazama msikilizaji. Alliance ilikusanya vijana kutoka pembe mbalimbali za nchi, kila mmoja na lugha ya mamake. Kiingereza kiliwaunganisha na mwalimu, ila kisingewaunganisha na karani, seremala na mama wa sokoni waliojaa ukumbini Nakuru jioni. Ukitaka watu hao wacheke pamoja nawe, utasema nao kwa lugha wanayoijua. Jambo hilo halifundishwi kwa madondoo. Mtu hulijua anaposimama jukwaani na kusikia kama watu wamecheka au wamenyamaza.

Yupo atakayesema kwamba vijana wale walikwepa mambo mazito. Nchi inawaka moto, wao wanaandika habari za mapenzi na kulogwa! Hoja hiyo ina uzito. Lakini tusisahau umri wao wala mazingira yao. Na mtu asiyekubaliwa kusema kila kitu huanza kwa kusema kile anachoweza. La msingi ni kwamba walikisema wenyewe.

Naandika haya nikijua utamu wake. Nilisoma shule ya upili mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla ya mfumo wa 8-4-4. Kiswahili kilikuwa somo la hiari, na wengi wetu tuliambiwa tusipoteze muda nacho. Palikuwa na kibao cha mbao tulichokiita diski. Ukikamatwa ukisema lugha isiyo Kiingereza, unavishwa shingoni, nawe unatafuta mwenzako wa kumvisha. Atakayelala nacho, ole wake asubuhi.

Diski ile ilipumzika saa moja tu kwa wiki, Alhamisi baada ya michezo, chama chetu kilipokutana katika maabara. Mlezi wetu alikuwa mwalimu wa jiografia, kwani hatukuwa na mwalimu wa Kiswahili. Alikaa nyuma akisahihisha vitabu vyake na kutuachia uwanja. Muhula mmoja tulitunga mchezo kuhusu makanga aliyekataa kumrudishia ajuza mmoja chenji yake. Mimi ndiye niliyekuwa makanga. Ngeli zetu zilikuwa shaghalabaghala, na hakuna aliyetukata kauli. Tulipouigiza mbele ya wapishi na mabawabu wa shule, mpishi mmoja alisimama akanifokea nirudishe pesa za watu! Sijawahi kupata alama iliyonifurahisha kuliko ghadhabu ya yule mzee.

Kisha mambo yakabadilika, na yalibadilika kwa heri. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilikuwa imependekeza Kiswahili kiwe somo la lazima. Tume ya Mackay ya mwaka 1981 ikafungua njia ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, na Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Walimu waliajiriwa, vitabu vikachapishwa, na heshima ikaja. Mimi mwenyewe nimekula ugali kwa sababu ya uamuzi huo. Siwezi kuubeza.

Hata hivyo, kila kitu kina gharama yake. Mtihani ulipoingia darasani haukukomea hapo; ulifuata hadi chamani. Leo vikao vingi vya Chama cha Kiswahili ninavyoalikwa ni darasa lililobadilishiwa jina. Kongamano linaitishwa, shule sita zinakutana, kisha kutwa nzima wanafunzi wanapigishwa mbio kurasa za vitabu teule: mhusika yupi, maudhui gani, swali hili lilikuja mwaka gani. Nao mchezo ukiigizwa, ni sehemu ya kitabu teule. Ndiyo maana kijana yule aliniuliza alivyoniuliza. Sisi watu wazima ndio tuliomfundisha swali hilo.

Kwenye drama nako pana tatizo la aina nyingine. Tamasha limekua, ushindani umekuwa mkali, na shule nyingi huwalipa watunzi kutoka nje ili zifike kiwango cha kitaifa. Hata michezo iliyovuma kuliko yote miaka ya karibuni, ile ya Shule ya Wasichana ya Butere, Shackles of Doom mwaka 2013 na Echoes of War mwaka 2025, ilitungwa na mtu mzima, Cleophas Malala. Wasichana wale walionyesha ujasiri ambao wengi wetu hatuna, na haki yao ya kuigiza ilitetewa hadi Mahakama Kuu. Swali langu ni dogo tu: maneno waliyoyapigania ni ya nani? Mnamo 1955 mwanafunzi wa Alliance angejibu swali hilo bila kusita.

Najua walimu watanijibu kwamba hakuna wakati. Nilimuuliza mlezi wa chama kile, akaniambia kwamba saa ya vyama imo kwenye ratiba ila hutumiwa kwa masomo ya ziada. “Mwalimu, wazazi wanataka ‘mean score’,” akanong’ona. Simlaumu. Ila katika mtaala mpya, uigizaji na filamu umepewa nafasi yake miongoni mwa masomo ya sekondari ya juu. Ni hatua njema. Hofu yangu ni kwamba tutaupima mchezo kwa alama hadi mwanafunzi asahau kwamba aliuanza kwa kutaka kuwachekesha wenzake.

Kwa hivyo nina ombi kwa walezi wa vyama. Muhula huu, tengeni saa chache tu. Waacheni wanafunzi watunge mchezo mmoja wa Kiswahili, hata uwe wa dakika kumi, hata Sheng iingie humo. Msiupeleke tamashani. Uigizwe mbele ya wapishi, mabawabu na wazazi siku ya mkutano wao. Nanyi kaeni nyuma, msahihishe vitabu vyenu vya jiografia.

Kijana wangu wa Kidato cha Tatu aliniandama hadi langoni siku ile. Alitaka kujua iwapo Nakupenda, Lakini inaweza kupatikana bado. Nilimwambia aanze kuitafuta katika maktaba kuu. Hakuniuliza tena kama itakuja kwenye mtihani.