Baraza ya mapatano: kazi ya wazee wasiolipwa katika Masisi na Walikale

Wazee wetu wanasema: kidole kimoja hakivunji chawa. Kila mutoto wa Masisi na wa Walikale alisikia hii mezali mbele ya kujua kusoma. Lakini historia yetu inaonyesha kwamba mara nyingi tulikubali kubaki na chawa kichwani kuliko kuomba kidole cha jirani, sababu tu jirani ni wa kabila ingine. Katika kurasa hizi napenda kueleza kazi ya watu ambao, bila mushahara, walijaribu kuunganisha vile vidole. Wengine waliita kazi hiyo barza, wengine baraza ya mapatano, wengine komite ya amani. Jina si kitu. Jambo la maana ni kujua ilitoka wapi, ilifanya nini, na kwa nini ilivunjika.

Desturi ya kukaa chini

Kule pwani, baraza ni mahali pa kukaa mbele ya nyumba. Kwetu milimani na porini, ni mukutano wenyewe: watu wamekaa mbele ya mwami ao mbele ya muzee wa kijiji, kila mutu anasema kwa zamu yake, na hakuna mwenye kuondoka mbele neno halijaisha. Mwenye kosa alileta mbuzi na kasiksi. Ile mbuzi haikuliwa na mwenye kushinda peke yake. Wote wawili walikula pamoja mbele ya macho ya watu. Hapo ndipo hukumu ilikuwa imeisha, si mbele.

Wanyanga wa Walikale wana hadisi kubwa ya Mwindo, ambayo Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliandika kutoka kinywa cha Candi Rureke na kutosha kitabu mu 1969. Shemwindo, chifu wa Tubondo, alikataza wake zake kuzaa mutoto mwanaume. Mwindo akazaliwa, baba akajaribu kumuua, akamufunga ndani ya ngoma na kumutupa mu maji. Tunaweza kusema: huyu ni mutoto aliyebaguliwa mbele hajafanya kosa lolote, kwa sababu tu ya namna alivyozaliwa. Lakini mwisho wa hadisi si kisasi. Baba anarudishwa mu kijiji, anaungama mbele ya mukutano wa watu, na wanapatana. Basi baraza si kitu cha kigeni kwetu. Iko ndani ya hadisi zetu zenyewe.

Neno "mugeni" lilipata wapi uchungu?

Zamani mugeni alikuwa baraka. Mwenye kuhamia kwa Wahunde aliomba udongo kwa mwami, akatoa mutulo, yaani zawadi ya heshima kila mavuno, akawa mutu wa pale. Mambo yalibadilika mukubwa wakati wa Wabeleji. Tangu 1937 mpaka 1955, serikali ya koloni ilipanga safari za kuleta Wanyarwanda katika Masisi, kwa kazi ya mashamba makubwa na kupunguza wingi wa watu kule Rwanda. Walifika makumi ya maelfu. Wabeleji wakaunda sheferi ya Gishari chini ya shefu mwenye kutoka Rwanda, halafu mu 1957 wakaivunja, wakairudisha chini ya Wahunde. Hivi mutu mumoja alijikuta ana utawala leo, kesho hana. Tena tukumbuke kwamba watu wa Kinyarwanda walikuwa tayari kwa sehemu zingine za Kivu, kama Rutshuru, mbele Wabeleji hawajachora mipaka.

Kisha uhuru, maneno yakachemka. Vita inayoitwa ya Kanyarwanda ilipita kati ya 1963 na 1965. Sheria ya 1972 ikapatia uraia wale waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu mbele ya 1950. Sheria ya 1981 ikaufuta. Musomaji afikiri: mutu analala ni raia, anaamuka si raia, na hajatoka hata kwa shamba lake. Kwa upande mwingine, Muhunde ao Munyanga anaona wingi wa wale watu, anajiuliza kama wakati wa uchaguzi atabaki na udongo wa babu yake. Woga ulikuwa kwa pande zote mbili. Ubaguzi mara nyingi ni mutoto wa woga.

Siku ya soko

Tarehe 20 mwezi wa tatu 1993, watu wa Kinyarwanda walishambuliwa kwa soko la Ntoto, katika Walikale. Kutoka pale vita ilienea Masisi yote kama moto mu majani makavu. Wahutu, Wahunde, Wanyanga, Watutsi, kila kabila ilizika watu wake. Maelfu walikufa, wengine wengi sana wakakimbia. Mimi nilikuwa mutoto wa shule ya musingi. Nakumbuka jambo moja dogo: tuliporudi mu darasa, benchi letu la watu wane lilibaki na wawili, na hakuna mwalimu aliyetuambia wale wengine wako wapi. Hatukuuliza. Tulikuwa tumekwisha kujua kwamba kuko majina ambayo hayatajwi.

Mwisho wa 1993 na mwanzo wa 1994, watu wa makanisa, wa mashirika na wazee wa makabila walitembea kutoka kijiji mpaka kijiji kufanya mikutano ya mapatano. Utulivu kidogo ulirudi. Masoko yakafunguliwa. Hiyo ilikuwa alama kwamba baraza inaweza. Lakini mu mwezi wa saba 1994 wakimbizi wengi kabisa waliingia kutoka Rwanda, pamoja na askari na Interahamwe, na ile kazi yote ikafunikwa. Mu mwezi wa tano 1996, Watutsi waliokuwa wamekimbilia monasteri ya Mokoto katika Masisi waliuawa pale pale.

Barza ya 1998

Kisha vita ya 1996 na 1997, komisio ya kutuliza Kivu ya Kaskazini ilifanya kazi, na mu 1998 kukazaliwa kule Goma Barza Interkominotere. Ndani yake walikaa wajumbe wa makabila ya jimbo: Wahunde, Wahutu, Watutsi, Wanande, Wanyanga, Watembo na wengine. Nguvu yake ilikuwa nini? Haikuwa na askari, haikuwa na gereza. Wakati ugomvi ulitokea kwa udongo, ao mutu aliuawa na kabila ingine ikashitakiwa, Barza ilituma wajumbe wa pande zote pamoja. Muhunde alikwenda kusema na Wahunde, Muhutu na Wahutu, halafu wote wakasimama mbele ya kijiji wakasema neno moja. Mutu wa kijiji, akiona wale wazee wametoka mu gari moja, alianza kujiuliza: "Kumbe hawa banakula pamoja, sisi tunapigania nini?"

Ile kazi haikumaliza vita, sababu vita ilikuwa na mizizi mbali na vijiji vyetu. Lakini mwaka baada ya mwaka ilizuia maugomvi mengi madogo yasiwe makubwa. Halafu kwenye 2004 na 2005, wakati uchaguzi wa 2006 ulikaribia, Barza ilivunjika. Kila kabila ilianza kuhesabu viti. Muzee ambaye jana alikuwa mupatanishi, leo alionekana kama mutetezi wa kandideti wa kwao. Ndipo tuliona udhaifu wa hii namna ya baraza: kama mutu amekaa pale kwa jina la kabila lake, siku kabila linaitwa na siasa, naye anaitwa.

Baraza za vijiji

Jengo la juu lilianguka, lakini kazi ya chini haikufa. Kisha mukutano wa Goma wa mwezi wa kwanza 2008 na mapatano ya tarehe 23 mwezi wa tatu 2009, kulipangwa komite za kudumu za mapatano mu vijiji. Pembeni yake kuko nyingi zingine, zilizoanzishwa na makanisa, na mashirika, ao na wakaaji wenyewe. Wamemba wake hawana mushahara. Wanatembea kwa miguu, wengine siku nzima, na ukubwa wa udongo si muchezo: Masisi ni kilometa 4.734 za mraba, Walikale ni 23.475.

Nilialikwa mara kwa mara kuwa mwandishi wa baraza moja ya namna hiyo. Kesi nyingi ni za mipaka ya shamba. Kitu cha kwanza baraza inafanya ni kwenda kutembea ule mupaka pamoja na pande zote mbili na majirani. Kitu cha pili ni kukataza maneno: "wewe mugeni", "wewe nyoka", "rudi kwenu". Mwenye kuyasema anasimamishwa, anaambiwa aseme tena bila lile neno. Mara nyingi, mutu akitosha lile neno, haoni tena kitu cha kusema. Kesi yake yote ilikuwa ndani ya lile tusi.

Nani alibaki mulangoni?

Hapa nalazimika kusema ukweli, hata kama hautapendeza. Hizi baraza zenye kupigana na ubaguzi zilikuwa nazo na ubaguzi wao. Siku moja muzee mumoja Mutwa alikuja kwa baraza yetu. Alisikiliza mambo yote akisimama nje, karibu na mulango. Mwishoni mama mumoja akamuuliza: "Baba, mbona haukai?" Akajibu: "Hakuna mutu alinionyesha kiti." Tulinyamaza. Tulikuwa tumehesabu makabila yote, tukasahau wale ambao wote wanakubali kwamba walikuwa mu pori mbele yetu sisi wote.

Watwa walipoteza udongo mara mingi, hata kwa ajili ya parki: Kahuzi-Biega ilipanuliwa mu 1975 mpaka mapori ya chini upande wa Walikale. Kwa vijiji vingi wanalipwa chakula kwa kazi ya siku nzima, na kuko watu hawakubali kunywa na wao kwa kopo moja. Vilevile wanawake: wanalima udongo unaogombaniwa, lakini wakati wa kuuzungumuza wanatumwa kupika. Sheria iko. Katiba ya 2006 inakataza ubaguzi wa kabila, na sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2022 inalinda haki za Wapigme wenyeji. Lakini sheria ya Kinshasa haiwezi kuleta kiti mu chumba chetu. Ile siku ni ule mama aliamuka, akamupatia muzee kiti chake. Mukutano uliofuata, Watwa wawili walikuwa wamemba, na mumoja alikuwa mwanamuke.

Kwa kumaliza

Mu 2025 vita ilifika tena mu Masisi-Centre na mu Walikale-Centre, na watu wengi walitawanyika. Wengine watauliza: baraza ilisaidia nini basi? Mimi najibu kama mwalimu. Baraza haizuii bunduki yenye kutoka mbali. Inazuia jirani asionyeshe bunduki ile nyumba ya kuchoma. Hiyo si kazi ndogo.

Ndugu musomaji, wewe mwenye kusoma, usingoje wakuite. Katika kijiji chako baraza iko ao ilikuwa. Uliza ni nani anakaa ndani. Kisha angalia mulangoni, uone nani bado amesimama.