Hatari Iliyolipiwa kwa Awamu: Genentech na Chimbuko la Kuomba Mtaji wa Bayoteknolojia

Mwanasayansi anayetafuta fedha za kuanzisha kampuni ya dawa hutarajiwa siku hizi kuwaeleza wawekezaji si dawa anayoikusudia tu, bali pia ngazi za kuifikia: ni jaribio lipi litakalotangulia, litagharimu kiasi gani, na ni matokeo yapi yatakayotosha kumshawishi mwekezaji atoe fedha za awamu inayofuata. Utaratibu huo umezoeleka kiasi cha kuonekana kama haukuwahi kuwa na mwanzo, ilhali historia yake ni fupi, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitendeka California, Marekani, kati ya mwaka 1976 na 1980, pale kampuni ya Genentech ilipoomba na kupata mtaji kwa ajili ya kazi ambayo hakuna aliyekuwa amewahi kuifanya.

Fedha hizo zilikuwa za aina ya pekee. Mfuko wa mtaji wa kampuni changa hukusanya fedha za matajiri na taasisi, kisha hununua hisa katika kampuni ambazo benki isingezikopesha kwa kuwa hazina mapato wala mali ya kuweka rehani, kwa matarajio kwamba nyingi zitakufa na chache zitakazosalia zitarudisha maradufu ya kile kilichopotea. Mfuko wa Kleiner & Perkins, ulioanzishwa mwaka 1972 kwa takriban dola milioni 8, ulikuwa wa namna hiyo, lakini waasisi wake walikuwa watu wa elektroniki: Eugene Kleiner alikuwa mmoja wa wataalamu wanane walioanzisha Fairchild Semiconductor, na Thomas Perkins alitokea Hewlett-Packard. Katika fani yao, kwamba chombo kingefanya kazi lilikuwa jambo la kuaminika kwa kiasi kikubwa, na shaka ilibaki kwenye soko. Bayolojia iliwajia na shaka iliyogeuzwa juu chini, kwa sababu wanunuzi wa insulini walikuwapo tayari kwa mamilioni, ila hakuna aliyejua kama bakteria wangekubali kuitengeneza.

Insulini ni homoni inayodhibiti sukari katika damu, na wakati huo ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe zilizokusanywa machinjioni, jambo lililowafanya baadhi ya wagonjwa wa kisukari wapate mzio. Mwaka 1973 Herbert Boyer wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na Stanley Cohen wa Stanford walikuwa wameonyesha kwamba kipande cha DNA, yaani kemikali inayobeba maelekezo ya urithi, kinaweza kuunganishwa na plasmidi, ambayo ni DNA ndogo ya mviringo inayokaa ndani ya bakteria, kisha kikarudishwa kwa bakteria na kunakiliwa kila anapojigawa. Kunakili, hata hivyo, si kutengeneza. Kwamba bakteria angeyasoma maelekezo ya mwili wa binadamu na kuzalisha protini yake lilikuwa dai ambalo wataalamu wengi waliliona la miaka ya mbali.

Robert Swanson hakuliona hivyo. Kijana huyu wa miaka 28, aliyesomea kemia na uongozi wa biashara, alikuwa amefanya kazi Kleiner & Perkins na kuachwa bila ajira, na Boyer alipokubali kumpa dakika chache mnamo Januari 1976, mazungumzo yalihamia kwenye baa na kuendelea kwa saa kama tatu. Kila mmoja alitoa dola 500 za kumlipa mwanasheria. Aprili mwaka huo walikwenda kwa waajiri wa zamani wa Swanson na andiko la kurasa chache lililoomba takriban dola 500,000.

Yaliyotokea hapo ndiyo yenye uzito katika historia hii. Perkins alivutiwa na Boyer, lakini aliiona hatari ya kisayansi kuwa kubwa mno kwa kiasi hicho, kwa maana kujenga maabara, kununua vifaa na kuajiri watafiti kungemaliza fedha kabla ya kujulikana kama wazo lenyewe lina uhai. Njia iliyokubaliwa ilikuwa kutojenga chochote. Kazi ingegawanywa kwa mikataba kati ya maabara zilizokuwapo tayari, hasa ile ya Boyer na ile ya hospitali ya utafiti ya City of Hope karibu na Los Angeles, na mfuko ungetoa dola 100,000 tu ili kujibu swali moja. Kwa fedha hizo ulipata takriban robo ya kampuni isiyokuwa na ofisi ya kuonyesha. Sifa za kubuni mpango huo kwa kawaida hupewa mwekezaji. Lakini mpango usingetekelezeka kama wanasayansi wa City of Hope, Arthur Riggs na Keiichi Itakura, wasingekuwa tayari na wazo linalolingana na mfuko mwembamba.

Wazo lao lilikuwa kuanza na somatostatini, homoni yenye asidi amino 14 tu, ilhali insulini ina 51 katika minyororo miwili. Soko lake halikuwa la kutajika. Thamani yake ilikuwa kwamba Itakura angeweza kuiunda jeni yake kwa kemikali, herufi kwa herufi, bila kuichota katika mwili wa binadamu, na hivyo kazi haikubanwa na masharti makali ya serikali kuhusu DNA ya binadamu. Jaribio la kwanza, katikati ya 1977, halikuonyesha hata chembe ya homoni. Watafiti walishuku kwamba bakteria alikuwa akiila protini hiyo ndogo mara tu alipoitengeneza, wakaificha kwenye mkia wa protini kubwa ya bakteria mwenyewe ili waikate baadaye, na mwezi Agosti ikapatikana. Dawa haikuwapo, lakini shaka iliyokuwa imepunguza fedha za Perkins ilikuwa imeondoka, na tangu hapo kila awamu ya mtaji iliuzwa kwa bei ya juu kuliko iliyotangulia.

Insulini ya binadamu ilifuata Agosti 1978, na ndani ya siku chache mkataba ukatiwa saini na Eli Lilly, kampuni iliyotawala soko la insulini Marekani. Walter Gilbert wa Harvard, mshindani mkubwa, alifuata njia ya jeni asilia, ikambidi asafirishe watu wake hadi maabara ya kijeshi ya Porton Down, Uingereza, ambako masharti ya usalama yalitimizwa, na huko wakagundua kwamba walichokipata ni insulini ya panya. Tarehe 14 Oktoba 1980 hisa za Genentech ziliingia sokoni kwa dola 35, zikapanda kupita dola 80 ndani ya saa moja, miaka 2 kabla insulini hiyo haijaidhinishwa kwa wagonjwa. Wanunuzi wa siku hiyo walinunua ngazi zilizokwisha kupandwa, na ahadi ya zilizobaki.

Unafuu wa kukodi maabara za wengine haukuwa wa bure. City of Hope, ambayo mkataba wake wa 1976 uliipa asilimia 2 ya mauzo yatokanayo na kazi yake, ilidai baadaye kwamba haikulipwa stahili yake ya leseni ambazo Genentech iliwapa wengine. Mwaka 2002 baraza la wazee wa mahakama liliipa dola milioni 500, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya California ikafuta milioni 200 zilizokuwa za adhabu na kuacha milioni 300 zilipwe.