OK ilitoka wapi?

Leo niwieni radhi, hakuna msimbo.

Juzi shangazi alinipigia simu, hasira tupu. Programu niliyomtengenezea ya kuweka hesabu za chama chao ilimwandikia "Michango ya mwezi huu itafutwa", na chini yake kitufe cha "Sawa", tafsiri yangu ya OK. Akabonyeza, kwani kwake sawa ni "nimesikia". Michango ya akina mama kumi na wanane ikaenda! Ndipo nikaanza kujiuliza hii OK maana yake ni nini hasa.

Wako wanaosema ni neno la Wachoctaw, wengine la Wagiriki. Allen Walker Read, mtaalamu wa Kiingereza cha Marekani, alipekua magazeti ya kale, na katika makala zake za 1963 na 1964 akaonyesha kuwa ulikuwa mzaha tu. Mwishoni mwa miaka ya 1830 waandishi wa magazeti wa Boston walipenda kuendeleza maneno vibaya makusudi, kisha kuyafupisha. "All correct", yaani yote sahihi, ikawa "oll korrect", na tarehe 23 Machi 1839 gazeti la Boston Morning Post likachapisha o.k. Hebu fikiria: kifupisho cha "yote sahihi" ambacho hakina hata herufi moja sahihi!

Mizaha mingine ya aina hiyo ilikufa. OK iliokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, New York, aligombea tena, na wafuasi wake waliomwita Old Kinderhook wakaunda vilabu vya O.K. Alishindwa na William Henry Harrison, lakini herufi zikabaki.

Kwenye kompyuta nako kuna kisa. Katika Lisa ya Apple, iliyotoka 1983, kitufe hicho kwanza kiliandikwa "Do It", yaani fanya. Wakati wa majaribio mtu mmoja akasoma "dolt", mjinga, akauliza mbona mashine inamtukana. Wakaweka OK.

Kwa maoni yangu walipoteza kitu hapo, maana kitenzi humwambia mtu kitakachotokea. Michango nimeirudisha kutoka kwa daftari la shangazi, na kitufe sasa kinasema "Futa michango". Daftari amekataa kulitupa.